Jazz au hip hop: muziki upi ubebe kipindi chako cha ukombozi wa Mweusi?

Mwalimu wa historia, kiongozi wa kikundi cha vijana, mtangazaji wa redio ya jamii: wote hukwama pale pale. Mada ni mapambano ya Wamarekani Weusi, muda ni dakika tisini, na muziki wa kuibeba mada ni ama jazz ama hip hop. Ukizipakia zote mbili ndani ya dakika hizo, wasikilizaji huondoka na majina kumi na mawili kichwani na hakuna wimbo hata mmoja walioushika. Chagua moja uichimbe.

Kwanza kuna utata wa neno. Kwetu "jazz" ni jina la bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz. Bendi hizo zilipiga dansi na rumba. Kama ukumbini kuna wazee, watakuja wakimtarajia Mbaraka Mwinshehe, na saksafoni ya John Coltrane itawapita kando. Sema ndani ya dakika ya kwanza kwamba jazz unayoizungumzia ni ile ya New Orleans na New York.

Tunapima kwa vigezo gani

Mambo matano: muziki ulizaliwa katika hali gani, ujumbe wake unakaa wapi, kwenye maneno au kwenye sauti, dola iliujibu vipi, wewe unahitaji nini ili uutumie, na ni wapi kipindi huharibika. Baada ya hapo tunasema unamfaa nani.

Kuna kigezo ambacho watu hupenda kukitumia nasi tumekiacha makusudi: upi una hasira zaidi. Wanaosema jazz ni muziki wa hotelini na hip hop ndiyo ya mapambano hawajasikia kilichorekodiwa mwaka 1960. Na wanaosema hip hop ni matusi na mikufu ya dhahabu hawajasikia kilichorekodiwa mwaka 1989.

## Jazz

Ilikozaliwa. New Orleans, mji wa bandari uliokuwa soko kubwa la watumwa. Siku za Jumapili watumwa walikusanyika, wakapiga ngoma na kucheza. Mwaka 1817 mji ukawawekea amri wakutane mahali pamoja tu, uwanja uliokuja kujulikana kama Congo Square. Miongo kadhaa baada ya utumwa kukomeshwa, katika mji huo huo zikachanganyika bendi za matarumbeta za mazishi na maandamano, blues na nyimbo za kanisani. Halafu mwaka 1917, santuri ya kwanza ya jazz ilipotoka, waliorekodiwa walikuwa Wazungu watupu, Original Dixieland Jass Band. Ukilijua hilo utaelewa uzito wa hatua ya wanajazz Weusi Charles Mingus na Max Roach kuanzisha kampuni yao ya kurekodi, Debut, mwaka 1952, na ya wanamuziki wa Chicago kuunda chama chao, AACM, mwaka 1965. Kumiliki kazi ya mikono yako nako ni ukombozi, na kwenye jazz vita hivyo vilikuwa virefu.

Ujumbe unakaa wapi. Mara nyingi ndani ya sauti yenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Alabama" wa John Coltrane. Tarehe 15 Septemba 1963, bomu la wabaguzi liliwaua wasichana wanne katika kanisa la 16th Street Baptist mjini Birmingham. Tarehe 18 Novemba Coltrane aliingia studio na wenzake watatu. Hakuna neno linaloimbwa. Piano inatetemeka huku chini, saksafoni inaomboleza juu yake bila kufuata mdundo. Katikati mdundo unaingia. Kisha maombolezo yanarudi, na safari hii ngoma za Elvin Jones zinapanda kama wimbi. Dakika tano zimekwisha. Msikilizaji asiyeijua tarehe atasema ni muziki wa huzuni. Akishaijua, hataweza kuusikia tena kama alivyousikia mara ya kwanza.

Jazz yenye maneno nayo ipo, na waliothubutu kuyatamka waliyalipia. Mwimbaji Billie Holiday alipotaka kurekodi "Strange Fruit", wimbo kuhusu miili ya Weusi walionyongwa na makundi ya Wazungu na kuachwa ikining'inia mitini, kampuni yake ya Columbia ilikataa. Aliurekodi Aprili 1939 kwa Commodore, kampuni ndogo. Katika klabu ya Café Society, New York, wimbo huo ulifunga onyesho: wahudumu walisimamisha kazi, taa zikazimwa, ukabaki mwanga mmoja usoni mwake, na akishamaliza hakurudi jukwaani hata watu wakishangilia.

Mingus naye aliandika "Fables of Faubus" kumkebehi Orval Faubus, gavana wa Arkansas, aliyepeleka askari kuwazuia wanafunzi tisa Weusi wasiingie sekondari ya Little Rock mwaka 1957. Toleo la Columbia la 1959 halina maneno. Toleo la kampuni ya Candid la 1960 linayo, na yanamtaja gavana kwa jina. Yapige matoleo hayo mawili moja baada ya jingine, na somo la udhibiti wa kazi za sanaa litakuwa limejifundisha lenyewe.

Kazi inayofaa zaidi kuibeba mada nzima, kwa maoni yetu, ni "We Insist!", albamu ya Max Roach ya mwaka 1960. Ina sehemu tano na haifiki dakika arobaini. Inaanza na msimamizi wa watumwa na mjeledi wake, inapita kwenye siku ya kuachwa huru, na inaishia kwenye machozi ya Johannesburg, miezi michache tu baada ya polisi kuwaua watu 69 Sharpeville tarehe 21 Machi. Kwenye sehemu ya tatu wapo wawili tu, sauti ya Abbey Lincoln na ngoma za Roach: sala, kisha ukelele, kisha amani. Ukelele huo hauna neno hata moja, na unazidi dakika nzima.

Msikilizaji wa Kiswahili ana mlango wake peke yake. Novemba 1960 mpiga piano wa Brooklyn, Randy Weston, alirekodi "Uhuru Afrika", muziki ukiwa umepangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, na mashairi yakiwa ya Langston Hughes. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", na humo utamsikia Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akisoma kwa Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Ulikuja mwaka uliofuata, mwezi Desemba. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku albamu hiyo, kama walivyoipiga marufuku ile ya Roach.

Dola ilijibu vipi. Kwa karatasi. Hadi mwaka 1967, mwanamuziki hakuweza kufanya kazi kwenye klabu za New York zinazouza pombe bila kadi iliyotolewa na polisi. Billie Holiday alinyang'anywa yake baada ya kufungwa mwaka 1947 kwa kesi ya dawa za kulevya. Thelonious Monk alikosa yake kuanzia 1951 hadi 1957, miaka ambayo mpiga piano hukomaa. Wakati huo huo serikali iliwatuma wanamuziki wa jazz nje kama mabalozi wa uhuru wa Marekani. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong aliukataa unafiki huo: kwa ajili ya Little Rock alimshutumu hadharani Rais Eisenhower na kuikataa safari ya Urusi ya Kisovieti.

Unachohitaji. Spika yenye besi halisi. Simu huimeza piano ya chini ya "Alabama", na usipoisikia piano hiyo wimbo umekufa. Chumba kimya. Karatasi moja ya tarehe na majina. Ratiba inayofanya kazi ni hii: sikilizeni wimbo mzima bila maelezo, dakika tano, kila mtu aandike maneno matatu tu ya alichosikia, dakika tano, simulia tukio kwa tarehe na mahali, dakika kumi, sikilizeni tena, dakika tano, kisha jadilianeni kilichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili. Kwa Kiingereza cha kuungaunga, hata kwa kutokujua Kiingereza kabisa, mtu anashiriki kikamilifu.

Inapoharibika. Kosa kubwa ni kuufanya muziki kuwa wa nyuma huku watu wakizungumza. La pili ni kuukata katikati. Jazz hujengwa kwa mwendo mrefu, na ukikata dakika ya tatu umetoa swali ukaficha jibu. La tatu ni kuchukua toleo lolote linalotokea kwanza mtandaoni: wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi nyingi, kwa hiyo hakikisha mwaka na kampuni. La nne ni ukelele wa Abbey Lincoln bila onyo. Chumbani huwemo mtu aliyefiwa au aliyepigwa. Mwambie mapema kinachokuja na umruhusu atoke. Tena usiubebeshe kila wimbo wa jazz siasa. Nyingi zilikuwa za kucheza na za mapenzi, na watu walizihitaji hivyo hivyo.

Inamfaa nani. Kikundi kidogo, watu wanane hadi ishirini, wenye subira ya kusikiliza. Darasa la historia linalotaka kufungamanisha tukio na sauti. Wasikilizaji ambao Kiingereza kinawatatiza. Watu wazima wanaokumbuka miaka ya uhuru wa nchi zetu, kwa kuwa rekodi za 1960 zinazungumza na miaka hiyo hiyo.

## Hip hop

Ilikozaliwa. Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, kwenye ukumbi wa jengo la makazi namba 1520, Sedgwick Avenue. Cindy Campbell aliandaa sherehe ya kufungua shule. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika anayejulikana kama DJ Kool Herc, akapiga santuri. Mtaa huo ulikuwa umekatwa vipande na barabara kuu ya Cross Bronx, na majengo mengi ya eneo la kusini yalikuwa yakiungua na kuachwa magofu. Herc aligundua kwamba wachezaji husubiri ile sehemu fupi ambapo ngoma hubaki peke yake. Akachukua nakala mbili za santuri ile ile na mashine mbili, sehemu ikiisha upande huu anaianzisha upande wa pili, na sekunde chache zikawa dakika nyingi. Chombo hakikununuliwa dukani. Kilitokana na santuri zilizokuwemo nyumbani. Ilikuwa sherehe, na tuiache iwe sherehe. Maneno ya mapambano yalikuja baadaye.

Ujumbe unakaa wapi. Kwenye mistari, kwanza kabisa. "The Message" ya mwaka 1982, ya Grandmaster Flash and the Furious Five, ilihesabu vioo vilivyovunjika, panya na mende, deni na gereza, kwa dakika saba, ikamlazimisha anayecheza asimame asikilize. Mizizi ya mtindo huo ni ya nyuma zaidi: The Last Poets walianza kughani mashairi yao juu ya ngoma Harlem mwaka 1968.

Lakini usidhani sauti haisemi kitu. "Fight the Power" ya kundi la rap la Public Enemy, 1989, imejengwa kwa vipande vya santuri za zamani vilivyorundikwa kimoja juu ya kingine, kikiwemo kipande cha ngoma kutoka bendi ya James Brown. Kila kipande ni kumbukumbu ya Mweusi mwingine aliyepiga kabla yao. Asiyejua husikia kelele. Anayejua husikia ukoo mzima ukizungumza kwa pamoja. Mwaka huo huo rapa wa kike Queen Latifah na Monie Love walitoa "Ladies First", na kwenye video yake picha za wanawake wa mapambano zimesimama pamoja na picha za Afrika Kusini ya makaburu.

Na kuna nguvu moja ambayo jazz haikuwa nayo kwa kiwango hiki: kiitikio kinachoweza kubebwa barabarani. Julai 2015, huko Cleveland, waandamanaji waliokuwa wakikabiliana na polisi waliimba kwa pamoja kiitikio cha "Alright" wa rapa Kendrick Lamar. Hawakuhitaji ala wala kiongozi wa kwaya.

Dola ilijibu vipi. Kwa barua na kwa mahakama. Agosti 1989 ofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, aliiandikia kampuni ya kundi la rap la N.W.A barua ya kulalamikia wimbo wao dhidi ya polisi, ingawa wimbo haukuwa kosa la jinai. Waendesha mashtaka wamekuwa wakisoma mistari ya rapa mahakamani kana kwamba ni maungamo, jambo ambalo mtunzi wa riwaya ya mauaji hafanyiwi. Mwaka 2022 California ilipitisha sheria ya kuliwekea mipaka. Pigo jingine lilitoka upande wa biashara: hukumu ya Desemba 1991 kuhusu matumizi ya vipande vya nyimbo bila kibali iliyafanya marundo ya sauti kama ya Public Enemy kuwa ghali mno kuyatengeneza.

Unachohitaji. Mashairi yaliyochapwa, nakala moja kwa watu wawili, na mtu anayekijua Kiingereza cha mitaani cha Marekani. Kamusi ya shule haitatosha: nusu ya maneno hayamo, na mengine yana maana iliyogeuzwa. Ubeti wa kawaida una mistari 16. Gawa watu katika makundi manne, kila kundi lipewe mistari minane tu, dakika ishirini za kufasiri kwa Kiswahili, kisha wasomeane. Ndipo mpige wimbo. Mkianza na wimbo kabla ya kufasiri, vijana watatikisa vichwa na watakaokamata maneno ni wachache. Malizia kwa kila kundi kuandika mistari minane yao kuhusu jambo la mtaani kwao. Hapo Kiswahili kina akiba yake: kundi la Kwanza Unit la Dar es Salaam lilianza mwaka 1993, na Nairobi kuna Kalamashaka na Ukoo Flani Mau Mau, ambao jina lao pekee linaweza kujaza nusu saa ya mjadala.

Inapoharibika. Matusi. Tafuta toleo lililosafishwa na ulisikilize lote mapema, maana mara nyingine usafishaji hung'oa hata neno lenye hoja. Lile neno la kuwatusi Weusi ambalo rapa wenyewe wamelichukua na kuligeuza, usilitafutie neno la Kiswahili na usimlazimishe mtu kulisoma kwa sauti. Eleza historia yake kisha liruke. La tatu ni wanawake: ziko nyimbo zinazomkomboa Mweusi mwanamume kwa kumkanyaga Mweusi mwanamke, na wasichana waliopo chumbani huligundua kabla yako. Usiwafichie; weka Latifah kando yake. La mwisho ni kuchukua kiitikio peke yake. "Alright" bila beti zake ni faraja nyepesi, ilhali beti zake zina hofu na vishawishi.

Inamfaa nani. Vijana wa miaka 15 hadi 25. Kundi kubwa, hata la watu mia, kwa sababu kazi inagawanyika. Warsha ambayo lazima itoe kitu mkononi: shairi, rekodi, onyesho. Mwalimu wa fasihi anayefundisha mizani, vina na kejeli.

## Kwa hali yako

Kama una saa moja tu na spika ya simu, chukua hip hop, na uchague "The Message". Maneno yake yanasikika hata kwenye spika mbovu na Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha nyimbo nyingi zilizokuja baadaye.

Kama una chumba kimya na watu kumi, chukua "Alabama" peke yake. Usiongeze wimbo wa pili.

Kama wasikilizaji ni wa redio, picha inageuka. Dakika tano bila neno hewani humfanya msikilizaji adhani mitambo imeharibika, kwa hiyo jazz inayokufaa ni yenye sauti ya mtu: Billie Holiday, ambaye "Strange Fruit" yake ni ya dakika tatu hivi, au ule ufunguzi wa Kiswahili wa "Uhuru Afrika". Hip hop hewani inadai toleo safi, na mtangazaji afasiri ubeti mmoja kabla ya kuupiga.

Kama lengo ni kuonyesha uhusiano wa Wamarekani Weusi na Afrika, jazz ya 1960 ina ushahidi mzito zaidi kwenye santuri. Ila kama uko karibu na Arusha, ushahidi ulio hai uko upande wa pili: kijijini Imbaseni, Pete na Charlotte O'Neal, waliokuwa wanachama wa Black Panther, chama cha mapambano ya Weusi, huko Kansas City kabla ya kuja kuishi Tanzania, walianzisha kituo cha jamii, UAACC, na sanaa ya vijana ikapata nyumba pale.

Kama una kikundi kilichokwisha kukata tamaa na maneno matupu ya wanasiasa, usikianzishie hotuba nyingine yenye mdundo. Wape jazz kwanza, waandike yale maneno matatu.

Na kama umefanikiwa kupata wiki mbili, usichague. Wiki ya kwanza piga "We Insist!" yote na mjadili nani anamiliki sauti ya mtu. Wiki ya pili piga "Fight the Power" kwenye spika nzuri na uwaombe wasikilize saksafoni. Anayeipuliza ni Branford Marsalis, mwanajazz kutoka New Orleans.